Karatasi ya Jumapili

Printa ndiyo iliyonitia kwenye kazi hii. Mwaka 2016 nilikuwa na saiba ndogo Kisauni, Mombasa: kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, na printa ya mtumba iliyokuwa ikikohoa kwanza ndipo ianze kazi. Jumamosi moja magharibi mzee wa kanisa akaingia ameshika ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Yalikuwa matangazo ya kesho yake, yameandikwa kwa kalamu, mistari imelala kama mahindi baada ya mvua, na pembeni hesabu ya sadaka ya Jumapili iliyopita. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akataka herufi kubwa asije akababaika mbele za watu. Nikamchapia kopi tatu, nikakataa hela yake. Jumamosi iliyofuata akarudi. Ya tatu akamtuma mjukuu. Kufikia mwezi wa nne hakuwa akileta karatasi tena. Alikuwa anapiga simu, "Mwanangu, andika," nami naandika. Mwaka uliofuata akanikabidhi na kipaza sauti.

Kanisa letu ni la PCEA, yaani Presbyterian Church of East Africa, na parishi yetu ina makanisa manne yanayogawana mchungaji mmoja. Akija kwetu leo, hatumwoni tena mpaka zamu yetu ifike. Jumapili nyingine wazee ndio wanaoongoza ibada, kuombea wagonjwa, kuhesabu sadaka na kugombana na fundi wa bomba. Hata jina Presbyterian limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee, na sisi hatukulipunguza wala kuliongeza. Katibu wa kikao cha wazee ni dada wa miaka arobaini na moja, anafanya kazi bandarini na huvaa viatu vya kisigino kirefu, naye ni mzee. Wageni wakisikia "sasa tumkaribishe mzee wetu" huanza kugeuza shingo wakimtafuta mwenye mkongojo.

Wengi wetu asili yetu ni bara. Baba na babu zetu walishuka na reli na kazi za bandari, wakabaki. Huwa nacheka nikikumbuka kwamba dhehebu lenyewe lilipita hapa likaenda zake. Wamishonari wa Kiskoti chini ya Dkt. James Stewart waliondoka Mombasa na msafara wao mwaka 1891, wakaenda kuanzisha misheni Kibwezi. Malaria ikawachosha, na mwaka 1898 misheni ikahamia Ukikuyuni, mahali panapoitwa Thogoto mpaka leo kwa sababu ndivyo neno "Scot" linavyotoka kinywani mwa Mkikuyu. Sasa sisi tumerudi pwani na ndimi zile zile za Thogoto, tunawatangazia Wataita, Waluhya na Wagiriama walioolewa au kuoa kwetu kwamba "mavuno ni Jumapiri ijayo," na wao kwa adabu yao hawacheki mpaka wafike nje.

Mwanzoni nilidhani matangazo ni orodha tu. Unaandika siku, saa, mahali, basi. Chukua karatasi ya wiki yoyote ya kawaida: Jumatano ushirika wa nyumbani, wilaya ya pili, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Alhamisi mazoezi ya kwaya. Ijumaa kesha ya vijana, kila mzazi ahakikishe mwanawe ameandamana na mlezi. Jumamosi PCMF, umoja wa wanaume, kufyeka nyasi, kila mtu aje na panga lake. Woman's Guild, umoja wa akina mama, kumtembelea mwenzao aliyejifungua, mchango shilingi mia mbili. Matangazo ya ndoa, mara ya pili kati ya tatu, mwenye pingamizi amwone mchungaji. Mwisho, misiba.

Ilinichukua muda kuona kwamba kila mstari una watu wamejificha nyuma yake. "Kila mtu aje na panga lake" ni kwa sababu safari iliyotangulia walikuja wanaume ishirini na mapanga matatu, kukawa na wafyekaji watatu na washauri kumi na saba. Ile mia mbili ya Guild ilibishaniwa Alhamisi nzima, wenye kazi wakitaka mia tano, wauza samaki na nguo wakitaka hamsini, hadi mama mmoja akasema mtoto mwenyewe atakuwa ameanza kutembea kabla hatujakubaliana. Na nimejifunza kwamba tangazo la kesha nikilisoma mimi huwaleta vijana sita. Likisomwa na yule kijana wa ngoma, tena kwa Sheng, huja arobaini. Nilikasirika kidogo mwanzoni. Sasa nampa maiki mwenyewe.

Misiba ndiyo inayokula karatasi. Mtu wetu akifa Mombasa hazikwi Mombasa, anapelekwa nyumbani, Nyeri au Murang'a au Kirinyaga. Kwa hiyo tangazo la msiba kwetu ni kama ratiba ya usafiri: kamati inakutana wapi kila jioni, basi limekodiwa kwa ngapi, kiti ni bei gani, linaondoka saa ngapi usiku. Jirani yetu anayeuza mahamri na mbaazi nje ya geti ni Mwislamu. Msikitini kwao mtu akifa asubuhi, hutangazwa, na jioni ameshazikwa. Siku moja alinisikia nikisoma mambo ya basi kwa wiki ya pili mfululizo juu ya marehemu yule yule. Nilipotoka kununua mahamri akaniambia, "Dada, huyu bwana wenu amesafiri kuliko alivyosafiri akiwa hai." Nilicheka nikiwa nimevaa nguo nyeusi. Mjane aliponisikia akauliza kuna nini, na nilipomweleza akacheka kuliko mimi, maana kweli mumewe alikuwa hapendi hata kuvuka feri kwenda Likoni.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka 2018 paa lilikuwa linavuja juu ya meza ya Bwana. Kikao cha wazee kikaamua tununue mabati, na kila familia ikatoa ahadi. PCEA ina neno lake la siku nyingi, Jitegemea. John Gatu, mmoja wa viongozi wake wakubwa, ndiye aliyesimama mwaka 1971 akataka wamishonari na fedha za kigeni zisitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajisimamie. Ni neno la heshima, na mimi nalipenda. Ila ukilishusha mpaka kwenye paa la kanisa dogo, maana yake ni kwamba mama wa mboga ndiye atakayelipia mabati.

Mweka hazina alinipa orodha ili niwakumbushe watu. Angeniambia nisome jumla tu, ningesoma jumla tu, lakini hakusema, nami siku hizo nilikuwa nimelipenda sana neno uwazi. Nikachapa jedwali: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Nikatoa kopi themanini. Jumapili asubuhi nikapita nikiweka moja kwenye kila kiti cha plastiki, nimeridhika na nafsi yangu kama mtu aliyefua nguo za nyumba nzima.

Kulikuwa na mama mmoja anayeuza mboga soko la Kongowea. Ahadi 3,000. Kilicholipwa 150. Kilichobaki 2,850. Nilimwona akiichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia. Aliimba nyimbo zote. Baada ya ibada akasalimia watu kama kawaida, akanishika mkono na mimi. Miezi mitano hatukumwona tena.

Mzee wangu wa kalamu ndiye aliyesema twende. Tulipanda tuktuk hadi kwake. Alitukaribisha vizuri, akatuandalia chai ya tangawizi na viazi vitamu, akauliza habari za kila mtu kwa jina. Mzee alimwacha azungumze hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mama, tumekukosa." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kanisa halijanikosea kitu, mzee. Ni ile karatasi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kando yangu, na ndio alikuwa amejua kusoma. Akasoma jina langu kwa sauti. Halafu akaanza kusoma nambari."

Sikuwa na la kusema. Mzee naye hakunitetea wala hakunishtaki. Alisema, "Ni sisi," akanyoosha kikombe aongezwe chai. Njiani kurudi nilingoja anikemee, hakunikemea. Tulipofika darajani Nyali, katikati ya foleni, akasema tu kwamba afadhali zamani alipokuwa akiandika kwa kalamu, maana mkono wake ulikuwa hauwezi kuchora jedwali.

Mama alirudi baada ya Pasaka. Huketi karibu na mlango. Nikishika kipaza sauti, yeye huinuka taratibu kwenda nje kuangalia sufuria ya chai, hata Jumapili ambazo hakuna chai. Sijamwambia abaki.

Tangu hapo sitaji jina la mtu kabla ya kumpigia. Mgonjwa, aliyefiwa, aliyejifungua, aliyefaulu mtihani, wote nawauliza: nitaje? niseme nini? Utashangaa wanavyojibu. Baba mmoja aliyepoteza kazi alitaka itangazwe, tena kwa herufi kubwa, na ndani ya wiki mbili akapata kibarua kupitia mtu wa ibada ya kwanza. Msichana aliyepata nafasi ya chuo kikuu akaniomba nisiseme kabisa, kwa sababu karo haijapatikana na hataki watu wampongeze kwa safari ambayo huenda asiende. Mambo kama hayo huyajui ukiwa nyuma ya printa.

Kisha ikaja 2020. Machi ile makanisa yalifungwa, na kuanzia Aprili 8 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa. Watu ambao maisha yao yote yamepangwa kwa safari ya kwenda nyumbani, kuzika, kulipa mahari, kupanda na kuvuna, walifungiwa pwani miezi mitatu. Matangazo yakahamia WhatsApp. Julai serikali ikafungua nyumba za ibada kwa masharti: watu wasiozidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na wasiwepo watoto chini ya miaka 13 wala watu wazima waliopita miaka 58.

Soma tena hapo. Miaka 58. Kanisa la wazee likafunguliwa bila wazee! Jumapili ile ya kwanza ibada iliongozwa na mzee wetu wa viatu vya kisigino, kwa sababu ndiye pekee miongoni mwa walioweza kuja aliyewahi kuongoza. Vijana walipima watu joto getini kama walinzi wa benki. Na kwa kuwa tulikuwa na saa moja tu, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa matangazo. Nikaketi na karatasi yangu mapajani ibada nzima.

Saa tisa alasiri simu ikalia. "Mwanangu, leo mmetangaza nini?" Simu yake ni kabambe, ile ya vibonye, na WhatsApp kwake ni neno tu alilosikia kwa wajukuu. Nikamwambia hatukutangaza. Akakaa kimya, akauliza, "Kwa hiyo aliyelazwa ni nani? Aliyezaa ni nani? Mimi niombee nini wiki hii?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Kumbe miaka yote ile, nikidhani nawapa watu ratiba, kuna mtu alikuwa anarudi nyumbani na karatasi yangu na kuiombea mstari kwa mstari, pamoja na mazoezi ya kwaya na mapanga ya PCMF. Nikamsomea yote kwenye simu. Aliponiaga akasema wako wengine kama yeye, akanitajia majina. Wakawa kumi na mmoja. Kila Jumapili alasiri nilinunua salio nikawasomea mmoja mmoja, nikianza na "Bwana asifiwe" na kungoja "Amen" itoke upande wa pili. Shosho mmoja wa Mishomoroni alikuwa akinikatiza kila mstari, "Huyo ni wa nani?" na lazima nimweleze ukoo hadi aridhike, ndipo tuendelee. Dakika arobaini, yeye peke yake. Nilikuwa namweka wa mwisho.

Baadaye masharti yalilegezwa na wazee wakarudi na barakoa zao, wengine wawili hawakurudi, na mambo yakaendelea. Sitakaa sana hapo.

Leo ni Jumamosi. Naandika haya karatasi ya kesho ikiwa mbele yangu, maana Novemba ni mwezi wa msongamano na bado sijaimaliza. Jumapili ijayo ni mavuno. Ukitaka kucheka, njoo mavuno ya watu wa mjini. Mtu hana hata chungu cha dania, lakini analeta pakiti mbili za unga wa dukani na bei haijabanduliwa. Wachache wenye mashamba kule Mtwapa huleta muhogo na madafu, na kuku mmoja au wawili wanaofungwa miguu karibu na kwaya ili nao waimbe. Baada ya ibada ni mnada. Mwaka jana papai moja liliuzwa mara saba. Aliyelinunua analirudisha, linanadiwa upya, mia tatu, mia tano, mia nane kutoka kwa wageni wa Nairobi waliokuwa likizo ufukweni. Lilipokuwa limeshaanza kulainika kwa kushikwashikwa, mtoto wa shule ya Jumapili akainua mkono na kusema, "Shilingi ishirini!" Mnadishaji akatazama huku na huku, akauliza nani anaongeza, na kanisa zima, watu wazima wenye hela mfukoni, wakafunga midomo. Mtoto akaondoka na papai. Nimeliweka tangazo la mavuno juu kabisa, na nimeandika "matunda yaliyoiva vizuri." Wenye kujua watajua.

Jumapili ya kwanza ya Desemba ni meza ya Bwana, mchungaji atakuwepo, na kabla yake wanafunzi wa katekisimu wataulizwa maswali na kubatizwa. Brigedi, vijana wetu wa sare, wanaomba viatu vyeusi vilivyowabana wenye navyo. Guild wanakwenda kuwaona akina mama wodini, safari hii mchango ni mia tatu, na sitaki kujua walifikaje hapo. Halafu kuna ile shida yetu ya kila mwaka: kuanzia katikati ya Desemba watu wetu wote hupanda mabasi kwenda bara, na wanaokuja kuketi kwenye viti vyao ni watu wa bara walioshuka kuona bahari. Tarehe 25 nitasoma matangazo kwa kanisa lililojaa watu nisiowajua hata mmoja. Nimewaomba wanaobaki wajiandikishe ili tujue nani atafungua geti, nani ataimba, nani atapika. Wamejiandikisha tisa. Mama wa Kongowea ni mmoja wao, ametuma jina kwa mkono wa mjukuu, upande wa chai.

Mstari mmoja bado uko wazi. Kijana wetu mmoja amelazwa tangu Jumatano, na mama yake hajaamua kama nimtaje. Nilimpigia saa kumi na moja, akasema atazungumza na baba yake kijana.

Saa tatu kasoro usiku mzee amepiga. Siku hizi macho yamekwisha kabisa, kwa hiyo hangoji tena Jumapili alasiri. Anataka kusomewa kabla sijachapa, na hunirekebisha. Nimemsomea kuanzia juu. Kwenye matunda yaliyoiva amecheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye wagonjwa nikapunguza mwendo, akanisikia.

"Hapo umeruka mtu."

"Sijaruka, mzee. Mama yake hajanipa jibu."

"Usimpigie tena usiku huu. Mwachie nafasi."

Basi nimeiacha nafasi, upana wa jina moja, na printa nimeizima. Nitachapa saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza.